Nani Alihesabu, na Lini? Utangulizi wa Elimu ya Kutafuta na Kupima Tovuti za Utafiti

Sudan Kusini ina watu wangapi? Mwulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza hapa Juba, mwenye simu na bando la siku moja, naye atakujibu papo hapo. Mwachie dakika chache zaidi, atarudi na majibu matatu huku amekunja uso. Sensa ya mwaka 2008, iliyofanywa Sudan ikiwa bado nchi moja, iliwahesabu watu 8,260,490 upande wa Kusini. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika matokeo iliyoyatoa mwaka 2023 ya utafiti wa mwaka 2021, inasema ni milioni 12.4. Umoja wa Mataifa, kwa mwaka huohuo wa 2021, unataja idadi isiyofika milioni 11. Kati ya hizo mbili za mwisho kuna pengo la watu zaidi ya milioni moja.

Tovuti zilizotoa idadi hizo zote zinaheshimika, na hakuna iliyodanganya. Sensa ya 2008 ilifanywa nyumba kwa nyumba kwa mujibu wa Mkataba wa Amani wa 2005, na matokeo yake yalikusudiwa kutumika katika kugawana madaraka na viti vya bunge. Serikali ya Kusini iliyakataa ikisema watu wake wamehesabiwa pungufu. Utafiti wa 2021 haukuwa sensa. Ulitumia picha za setilaiti kutambua majengo, ukachukua sampuli ya kaya, kisha wataalamu wakakokotoa idadi ya nchi nzima, pamoja na sehemu ambazo hazikufikika. Umoja wa Mataifa nao, kwa makadirio yake, haukubisha hodi kwa mtu hata mmoja: huchukua takwimu zilizopo na kukadiria waliozaliwa, waliokufa na waliohama, mwaka hadi mwaka. Katika nchi ambayo zaidi ya watu milioni mbili walikimbilia nchi jirani baada ya Desemba 2013, makadirio ya uhamaji yakipinda kidogo tu, idadi nzima inapinda nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza tovuti ipi ni sahihi ameuliza swali lisilo na jibu. Anayeuliza nani alihesabu, lini, na kwa njia gani, ameshaanza utafiti. Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya huyo wa pili, na kwa ajili ya wa kwanza pia, maana sote huanzia hapo.

Karibu basi, ndugu msomaji, na usiogope. Elimu hii ni kongwe kuliko kompyuta. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na maneno mazuri peke yake. Walidai isnadi: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwenye chimbuko. Kisha wakamchunguza kila mpokezi, aliishi lini, kumbukumbu yake ilikuwaje, na je, aliwahi kweli kukutana na yule anayedai kumsikia. Baadaye wanahistoria walijenga uhakiki wa nyaraka, na wakutubi wakajenga katalogi. Intaneti haikuibadili kazi yenyewe. Ilichofanya ni kuikata isnadi. Sentensi inatoka kwenye ripoti na kuingia kwenye taarifa ya habari, inatoka hapo hadi kwenye wasilisho la shirika, inatoka huko hadi kwenye tasnifu, na kila hatua jina la mpokezi mmoja linadondoka.

Chukua takwimu ambayo kila anayesomea afya ya jamii Juba amekutana nayo: vifo 2,054 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa miaka mingi iliitambulisha Sudan Kusini kuwa nchi hatari kuliko karibu zote kwa mjamzito. Imetajwa katika hotuba, katika maombi ya fedha, katika vipeperushi. Ukiifuata nyuma, ukurasa utakupeleka kwenye ukurasa mwingine, na huo kwenye mwingine, hadi ufike kwenye utafiti wa afya ya kaya wa Sudan wa mwaka 2006. Ulifanywa mwaka mmoja baada ya vita vya miaka 22 kumalizika, miaka mitano kabla ya uhuru. Makala ya 2014 au 2016 inayoitaja namba hiyo kana kwamba ni ya mwaka wake inatueleza habari za wanawake waliojifungua vita vikiendelea au vikiisha. Haituelezi wodi za mwaka wa makala.

Mambo hayaishii hapo, na hapa naomba uvumilie, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake hutoa makadirio ya vifo vya uzazi kila baada ya miaka michache. Toleo la 2015 liliipa Sudan Kusini vifo 789 kwa mwaka huo. Toleo la 2019 likasema 1,150 kwa mwaka 2017. Toleo la 2023 likasema 1,223 kwa mwaka 2020. Toleo la 2025 likasema 692 kwa mwaka 2023. Mwanafunzi mwenye bidii atazipanga namba hizo kwenye grafu, atangulize ile 2,054, apate mstari unaoporomoka, ukapanda, ukaporomoka tena. Kisha ataandika sura nzima kueleza kwa nini: vita vya 2013, vita vya 2016, misaada iliyokuja, misaada iliyopungua. Sura hiyo inaweza kuandikwa kwa ufasaha mkubwa na yote ikawa hewa tupu. Kila toleo hukokotoa upya mfululizo wote tangu mwanzo, kwa data mpya na fomula zilizorekebishwa, na ripoti zenyewe huonya kwamba toleo moja lisilinganishwe na jingine. Onyo hilo limo kwenye kurasa za mbinu, mahali ambapo aliyenakili namba kutoka tovuti ya habari hafiki kamwe. Ukitaka kuona mwenendo, chukua toleo moja, la karibuni kabisa, usome mfululizo wake wote humohumo.

Sisemi kwamba akina mama hawafi. Wanakufa mno, kwa hesabu yoyote ile. Nasema kwamba msiba mkubwa hauipi namba ruhusa ya kukaa bila mwaka. Asilimia 27 ya watu wazima wanaojua kusoma na kuandika, inayoendelea kuzunguka hadi leo, ni ya utafiti wa kaya wa mwaka 2009. Waliokuwa chekechea wakati ule sasa wako vyuoni. Takwimu isiyo na tarehe haina tofauti na samaki wa soko la Konyokonyo ambaye muuzaji hataki kusema kavuliwa lini.

Waliokufa vitani ni mfano mgumu zaidi, kwa sababu kuuhoji huonekana kama kuwakosea heshima marehemu. Karibu kila kitabu kinasema vita vya pili vya Sudan, vya 1983 hadi 2005, viliua watu milioni mbili. Isnadi ya namba hiyo hupita kwa mtafiti J. Millard Burr, aliyeiandikia Kamati ya Marekani ya Wakimbizi ripoti mbili: ya 1993, iliyokadiria vifo milioni 1.3, na ya 1998, iliyofikisha milioni 1.9. Alikusanya taarifa za mapigano, njaa na maradhi kutoka kila upande na kuzijumlisha. Ilikuwa kazi kubwa kwa mtu aliyekuwa na taarifa chache kiasi kile, na mwenyewe alionyesha njia aliyopita. Waliomnukuu ndio walioiacha njia wakabaki na jumla. Linganisha na vita vilivyoanza Desemba 2013. Kwa muda mrefu vyombo vya habari vilirudia vifo 50,000. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London walitoa makadirio yao: takriban vifo 383,000 vilivyozidi vile ambavyo vingetokea bila vita, hadi Aprili 2018, karibu nusu yao vikitokana na vurugu zenyewe. Waliweka mezani data, fomula na mipaka ya makosa yao. Unaweza kubishana nao, na huko kubishaniwa ndiko kunakoifanya kazi yao istahili kunukuliwa. Ile 50,000 huwezi kubishana nayo; huna pa kuishika.

Sasa tuje kwenye ukurasa ulio mbele yako, usio na namba wala fomula, wenye jina la taasisi tu na nembo nzuri. Utaanzaje kuupima? Wengi tulifundishwa kuusoma kwa makini kutoka juu hadi chini, tutazame lugha, muundo, makosa ya tahajia, sehemu ya "Kuhusu Sisi". Ushauri huo una kasoro, na imethibitishwa. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwajaribu wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Miongoni mwa mitihani kulikuwa na tovuti mbili za madaktari wa watoto wa Marekani, moja ya chama kikubwa chenye makumi ya maelfu ya wanachama, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga na kujipa jina la kufanana. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya kurasa wakizisoma, na wengi wakapotea. Wahakiki walitoka mara moja. Walifungua dirisha jingine, wakauliza wengine wanasema nini kuhusu taasisi hiyo, nani anaifadhili, iligombana na nani. Wakarudi kuisoma, kama ilistahili, wakiwa tayari wanajua wanamsoma nani.

Mbinu hiyo inaifaa Juba kuliko Stanford. Mji huu umejaa vituo, taasisi na mitandao ya kila jina, na tovuti nzuri hutengenezwa kwa wiki moja. Kabla hujanukuu, toka nje ya ukurasa. Tafuta jina la mwandishi, uone kaandika nini kingine na wapi. Taasisi ya Sudd, kwa mfano, iliyo hapahapa mjini, huchapisha uchambuzi wenye majina ya waandishi, na unaweza kuwafuatilia mmoja mmoja, ukajua huyu ni mchumi, yule ni mtu wa siasa, na wapi wanatofautiana. Ukurasa ambao hauna mtu wa kuulizwa, hata uwe na nembo tatu za wafadhili, usubiri kwanza.

Vitabu vya ughaibuni vitakuambia pia utazame mwisho wa anwani: za serikali na za vyuo ziamini, za biashara zitilie shaka. Huku kwetu kanuni hiyo haisimami. Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, lakini kikoa chake cha .ss hakikuingia kwenye mfumo wa intaneti wa dunia hadi 2019. Kabla ya hapo wizara na idara zilijisitiri kwenye .org na .com, anwani ambazo mtu yeyote anaweza kuzinunua. Hata Serikali ya Kusini ya kabla ya uhuru ilikuwa kwenye .org. Mwanafunzi anayetupa kila anwani isiyo ya serikali atatupa sehemu kubwa ya nyaraka za serikali yake mwenyewe. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kabla ya uhuru, iliitwa Kituo cha Sensa, Takwimu na Tathmini cha Kusini. Ukitafuta ripoti za enzi hizo kwa jina la leo hutazipata, ukizitafuta kwa jina la zamani zinajitokeza.

Kwa upande mwingine, historia yetu fupi imetupa saa ambayo nchi nyingine hazina. Sudan Kusini ilizaliwa na majimbo 10. Mwishoni mwa 2015 yakafanywa 28, Januari 2017 yakawa 32, na Februari 2020 tukarudi kwenye 10 pamoja na maeneo matatu ya kiutawala: Pibor, Ruweng na Abyei. Ukurasa usio na tarehe ukitaja majimbo 32, umeshajua uliandikwa kati ya 2017 na mwanzo wa 2020 na haujaguswa tangu hapo. Ramani yenye 28 ni ya mwaka mmoja na ushei tu. Namfahamu mwenzangu anayeanza kuisoma kila ripoti kwa kuhesabu majimbo kwenye ramani yake kabla hajasoma neno, na sijaona sababu ya kumcheka.

Kutafuta nako kuna ufundi wake, na ufundi huo kwa sehemu kubwa ni kujua majina. Injini za kutafutia hukupa ulichoandika. Ukiandika Sudan Kusini, hutapata vilivyoandikwa kabla ya 2011 chini ya Sudan. Anayechunguza Washiluk atafute pia Chollo, anayechunguza Wadinka atafute pia Jieng, na anayechunguza Wanuer atafute pia Naath. Ikweta ya leo ilikuwa na mkoa ulioitwa Mongalla. Rafiki yako anayeandika kuhusu lugha za kufundishia katika shule za msingi anaweza kuzunguka mwezi mzima kwenye sera za miaka ya karibuni bila kukutana na mkutano wa Rejaf wa mwaka 1928, hapo karibu na Juba, ambapo Waingereza na wamisionari walichagua lugha za makundi ya Kusini zitakazofundishiwa: Kidinka, Kibari, Kinuer, Kilotuko, Kishiluk na Kizande. Akiliandika neno Rejaf, vitu vingi vinafunguka.

Na tusisahau Kiarabu. Madarasa ya Juba yana kundi lililosoma Kampala, Nairobi au Kakuma, na kundi lililosoma Khartoum. Wa kwanza hutafuta kwa Kiingereza, wa pili wana mlango wa magazeti, tasnifu na kumbukumbu za Sudan ambao wenzao hawauoni kabisa. Chuo Kikuu cha Juba chenyewe, kilichoanzishwa 1975, kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989 vita vilipopamba moto, kikaanza kurudi baada ya amani ya 2005. Sehemu kubwa ya historia yake ya kitaaluma ilitokea kwenye mji huo. Kaeni wawili wawili mbele ya skrini moja, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Ni njia rahisi kuliko kozi yoyote ninayoweza kuipendekeza.

Wapi pa kuanzia, basi? Kwa afya, Jarida la Kitabibu la Sudan Kusini lipo tangu 2008, ni bure, na limeandikwa na watu wanaozijua hospitali wanazozisema. Kwa majarida ya bara letu kuna AJOL ya Afrika Kusini, iliyoanza 1998. Kwa majarida makubwa ya dunia yanayouzwa ghali, uliza maktabani kuhusu Research4Life: mpango ulioanzia Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, nao unaziruhusu taasisi za nchi kama yetu kusoma maelfu ya majarida bila malipo. Anayesajiliwa ni taasisi, wala si mtu binafsi, kwa hiyo nywila iko kwa mkutubi. Wanafunzi hulipia makala moja dola 30 kwa fedha ya kukopa, na nywila imekaa kwenye daftari la maktaba ikisubiri kuulizwa. Mwulize.

Kwa ripoti za misaada na dharura kuna ReliefWeb, ya Umoja wa Mataifa tangu 1996. Itumie, ila kumbuka kwamba ni rafu: ripoti iliyowekwa hapo ni ya shirika lililoiandika, na shirika linaloomba fedha lina sababu ya kuchagua namba ipi itangulie. Kwa silaha na mapigano, Small Arms Survey ya Geneva imeandika kuhusu Sudan zote mbili kwa miaka mingi, tena kwa tanbihi nzito.

Kwa historia, hapa ndipo panaponisisimua. Makaratasi ya utawala wa Kusini, tangu mwanzo wa karne ya 20, yalikaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba, mchwa, vumbi na mvua vikiyatafuna, hadi Taasisi ya Bonde la Ufa na wizara inayohusika na utamaduni zilipoanza kuyapanga na kuyapiga picha. Taasisi hiyohiyo iliunda Hifadhi Huria ya Sudan, yenye ripoti za misaada ya miaka ya vita ambazo mashirika yaliyoziandika pengine yenyewe yameshazipoteza. Kule Uingereza, Chuo Kikuu cha Durham kimekuwa kikikusanya tangu 1957 makaratasi ya Waingereza waliotawala Sudan, yakiwemo ya Gavana Mkuu Wingate, na katalogi yake iko wazi mtandaoni. Ni hazina ya kuaminika sana kwa swali moja: watawala walifikiri nini. Ukiiuliza watawaliwa walifikiri nini, itakujibu kwa sauti ya mkuu wa wilaya.

Chukua Mkutano wa Juba wa tarehe 12 na 13 Juni 1947, uliozungumzia Kusini kuunganishwa na Kaskazini chini ya bunge moja. Mtandaoni kuna kurasa zinazosema wajumbe wa Kusini waliridhia, na nyingine zinazosema walilazimishwa au walirubuniwa, na zote zinasema kwa uhakika ule ule. Kumbukumbu za kikao zipo, zinasomeka kwa jioni moja. Utaona mwenyewe baadhi ya wajumbe wa Kusini wakisema jambo moja siku ya kwanza na jingine siku ya pili, na kwamba kilichotokea usiku ule hakikuandikwa na karani wa kikao. Baada ya hapo unaweza kurudi kwenye kurasa zako na kuwaona waandishi wake ni akina nani.

Kuaminika kwa chanzo, kwa hiyo, hutegemea unakiuliza nini. Tarehe 8 Julai 2016, viongozi wakiwa ndani ya Ikulu, J1, ilitembea Facebook habari kwamba Riek Machar, Makamu wa Kwanza wa Rais wakati huo, amekamatwa. Hakuwa amekamatwa, alikuwa humo ndani pamoja na Rais Salva Kiir. Siku hiyo risasi zililia, na nafasi ya habari hiyo katika kuchochea mapigano bado inabishaniwa. Kwa mtu anayetaka kujua nini kilitokea J1, chapisho lile ni uongo. Kwa mtafiti anayechunguza jinsi uvumi ulivyotembea Juba wiki ile, ni nyaraka ya kwanza kuhifadhiwa. Wahakiki wa 211 Check, waliochukua jina lao kutoka msimbo wa simu wa nchi, hushughulika na uvumi wa aina hiyo kila siku, na maelezo yao ya jinsi walivyoufuatilia yanafaa kusomwa kama somo la mbinu.

Majarida ya kilaghai nitayapitia haraka. Ukipata barua pepe inayokusifu kupita kiasi na kuahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku chache kwa malipo, ifute. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yasiyotoza wasomaji, na 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ilipe dola zaidi ya milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti. Tazama kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yasiyotoza wasomaji, na hata likiwemo, soma makala zake mbili za zamani kabla hujaliamini. Hatari ni pande mbili: unaweza kuyanukuu, na unaweza kuchapisha humo kazi yako nzuri ikazikwa.

Programu za akili mnemba zinazojibu maswali zimeongeza tabu mpya. Zinaweza kukutungia marejeo kamili, yenye mwandishi, mwaka na jarida, ambayo hayapo duniani. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kwa nchi ambayo imeandikwa kidogo kama yetu, programu hizo hubahatisha zaidi. Kanuni ni moja: usiandike kwenye marejeo kitu ambacho hukukifungua mwenyewe.

Kuna pia kisichoonekana. Julai 2017 Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ilifungia tovuti za Sudan Tribune na Radio Tamazuj pamoja na blogu mbili. Januari 2025 Facebook na TikTok zilizimwa kwa siku kadhaa, baada ya video za mauaji ya Wasudan Kusini huko Wad Madani kusambaa. Ukurasa uliokuwepo jana unaweza usiwepo kesho, kwa amri, kwa wizara kuunganishwa, au kwa sababu tu hakuna aliyelipia anwani. Ukipata nyaraka muhimu, ipakue siku hiyohiyo, andika tarehe uliyoifungua, na uihifadhi anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Huko huko ndiko pa kwenda kutafuta tovuti zilizokufa. Bando likiisha au jenereta ikizimwa, faili lililo kwenye flashi yako litakuwa bado linasomeka.

Sura zinazofuata zitaingia katika kila moja ya haya kwa undani, pamoja na mazoezi. Ninalokuomba tangu sasa ni moja. Kazi nyingi nzuri za wanafunzi wa Juba zimelala kwenye rafu za idara, huku watafiti wa mbali wakinukuu namba za 2006 na 2009 kwa kukosa nyingine. Ukimaliza tasnifu yako, mwombe msimamizi wako ruhusa, uiweke mtandaoni pamoja na dodoso lake, na mwanzoni mwa sura ya matokeo uandike uliwauliza akina nani, katika payam gani na boma gani, mwezi gani wa mwaka gani.